Uso wa Wakala

Kwa miaka thelathini na tisa Cormac Geraghty hakupita barabara ya Kilmoyne. Akiwa na safari ya magharibi alizungukia kusini, nusu saa zaidi, na aliyemuuliza sababu aliambiwa kwamba kule kuna upepo. Nebraska nzima ina upepo. Kwa hiyo asubuhi ile binti yake Oona alipokata kulia penye maghala ya nafaka badala ya kwenda moja kwa moja, mzee aligeuza shingo polepole akamkazia macho.

"Umekosea njia."

"Sijakosea, Baba."

"Huku ni Kilmoyne."

"Najua. Si nimezaliwa huko?"

Mzee akanyamaza. Alikuwa na miaka themanini na sita, na siku hizi ukimya wake ulikuwa wa aina nyingi. Huu ulikuwa ule wa mtu aliyekunja ngumi mfukoni. Oona aliendelea kuendesha. Theluji ya mwisho ilikuwa bado imelala mitaroni, chafu, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa mabua matupu ya mahindi ya mwaka jana.

Alikuwa ameipanga siku hii tangu Novemba, tena kwa raha. Walipofika kituo cha mafuta cha mwisho alimlazimisha baba yake anywe kahawa ambayo mzee hakuitaka, kisha akamnunulia na ya pili, ilimradi saa zisogee. Ilibidi wafike Kilmoyne saa saba kamili mchana. Wakiwahi, mambo yanaharibika; wakichelewa, mwingine anapewa kiazi.

Kiazi chenyewe kina habari yake. Nje kidogo ya mji wa Kilmoyne, ukingoni mwa barabara kuu, kuna kibanda cha mawe chenye paa la nyasi, kilichojengwa kufanana na vibanda walimofukuzwa mababu wa mji huo kule Mayo, Ayalandi. Mbele ya mlango kimeegeshwa kigari cha farasi cha mbao, na ndani yake ameketi Wakala wa kabaila, mwanasesere wa faiba mwenye kofia ndefu nyeusi na karatasi ya kufukuzia watu mkononi. Pembeni pana pipa la viazi vilivyochipua. Mpita njia anasimamisha gari, anamtwanga Wakala viazi mpaka roho yake itulie, anapiga picha, anakula kipande cha pai ya tufaha, anaondoka. Basi. Watu hutoka mbali, hata Kansas, kuja kumpiga mwanasesere, na wakirudi kwao wanasimulia kama vile wametoka vitani.

Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Patriki, Wakala hupakwa rangi upya na kufunikwa uso kwa kitambaa cha kijani. Gari la kwanza la wageni kusimama baada ya saa saba hupewa heshima ya kurusha kiazi cha kwanza. Ndiyo desturi yao, na wanaishika kuliko wanavyozishika nyingi za kanisani.

Mwaka huo Wakala hakuhitaji rangi tu, alihitaji uso. Mvua ya mawe ya Agosti ilikuwa imemng'oa pua na nusu ya taya. Katibu wa kamati, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Brendan Tully, alitafuta fundi wa sanamu, akaelekezwa Lincoln kwa Bi. Oona Brandt, ambaye alitengeneza sanamu za kanisani: akina Yosefu waliovunjika pua na Bikira Maria waliokatika vidole, wote walipitia mezani pake. Brandt ni jina la ndoa. Brendan hakujua kwamba mama huyo aliwahi kuitwa Geraghty, na hata angejua, asingeshtuka. Alizaliwa baada ya mambo yale, na mambo yale huko Kilmoyne hayasimuliwi.

"Mtengenezee sura ya mtu usiyemtaka shambani kwako," Brendan alimwambia kwenye simu, huku akicheka.

"Nitajaribu," Oona alisema.

Siku hiyo hiyo alipanda ghorofani akatoa gazeti la zamani kwenye boksi la marehemu mama yake. Kulikuwa na picha ya mnada. Katikati ya picha alisimama mwanamume wa miaka arobaini, sharubu nene, kidevu chenye kishimo, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, mkono wa kulia juu. Fintan Devaney, rafiki wa Cormac tangu utotoni. Baba wa ubatizo wa Oona.

Oona alikuwa na miaka kumi na minne benki ilipotangaza kuliuza shamba lao. Wiki moja kabla ya mnada, wanaume wa parokia walikutana chini ya kanisa wakakubaliana kwamba hakuna atakayeinua mkono. Benki ikikosa mnunuzi italazimika kumkodishia Cormac shamba lake mwenyewe, naye atapata pa kupumulia. Aliyekiongoza kikao ni Fintan. Ndiye aliyewakumbusha mababu na Mayo, ndiye aliyewaapisha wote mmoja mmoja, na alipofika kwa Cormac alimkumbatia akalia. Siku ya mnada wanaume walisimama mikono mifukoni kama walivyoapa. Mkono mmoja tu uliinuka, kushindana na mtu wa benki, na ulikuwa wa Fintan.

Wageraghty walihamia Lincoln, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Mama hakuumaliza mwaka. Daktari alisema ni moyo, naye Oona alikubaliana naye, ila alijua ni nani aliyeupasua. Tangu hapo alimchukia Fintan Devaney kwa bidii, asubuhi na jioni, na hakuona aibu kuisema chuki hiyo hata kwa padri. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mji haukumfanya kitu mtu yule. Alikuwa na ghala la nafaka, na walimhitaji wakati wa mavuno. Baada ya miaka kumi akakata kipande cha pembeni cha shamba la Geraghty, akakitoa zawadi kwa mji ili kijengwe kile kibanda cha waliofukuzwa. Hana haya wala soni. Wakamfanya mwenyekiti wa maisha.

Baba yake hakuwahi kumtaja. Hata mara moja. Oona aliuchukulia ukimya huo kuwa ni kuchoka, na alitaka kitu kimoja tu kabla mzee hajafa: amwone Fintan Devaney akipigwa hadharani, na kiazi cha kwanza kitoke mkononi mwa Cormac Geraghty.

Walifika saa saba na dakika mbili. Watu kama mia mbili walikuwa wamejaa uwanjani na makoti yao ya kijani, na Brendan Tully alikuwa tayari amesimama katikati ya barabara akipunga mikono.

"Lincoln!" alitangaza kwenye kipaza sauti alipoiona stika ya kanisa lao kiooni. "Tumewapata wa Lincoln. Shukeni, wazee wangu, leo ni siku yenu. Mzee, mkono wako wa kurushia ni upi?"

"Yote miwili inafanya kazi," Cormac alisema, akateremka.

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Oona alimshika kiwiko. Alihisi jinsi mfupa wa baba yake ulivyokuwa mwembamba ndani ya koti. Mzee hakutazama kibanda wala watu. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye lango la chuma la lililokuwa shamba lake na uwanda wa mabua nyuma yake, kisha akajifanya hamnazo.

Mwenyekiti alikuwa jukwaani. Fintan Devaney alikuwa amekaribia themanini, amenenepa, sharubu hana tena, kichwani kipara kilichofunikwa na kofia ya kijani. Aliwapungia wageni bila kuwatambua, akaendelea na hotuba yake ya kila mwaka.

"Babu zetu walikuwa na jina moja tu la mtu aliyechukua shamba la jirani yake aliyefukuzwa," alisema. "Walimwita mnyakuzi. Hawakumsalimu. Hawakumuuzia mkate. Akikaa benchi moja kanisani, wao walihamia jingine. Tusisahau tulikotoka."

"Hatusahau," watu waliitikia, maana ndiyo maneno yaliyoandikwa kwenye kibao cha barabarani.

Oona alisikia damu ikimpanda usoni. Laiti angekuwa na kiazi wakati huo. Alijikaza. Brendan alishika ncha ya kitambaa, akahesabu moja, mbili, tatu, akavuta.

Kazi ilikuwa nzuri, hata yeye mwenyewe aliona. Kwa mwezi mzima alikuwa amekifinyanga kidevu kile, akakosea, akabomoa, akarudia, na jicho la kushoto lilimtoa jasho. Sasa Fintan Devaney wa miaka arobaini aliketi ndani ya kigari, na sharubu zake, na karatasi ya kufukuzia watu mkononi. Vijana walishangilia kama wangemshangilia yeyote. Lakini kwenye meza ya pai, mama mmoja mzee, Philomena Roarty, aliyekuwa akikata vipande, aliacha kisu ndani ya pai. Alimtazama Wakala, akamtazama mwenyekiti, akarudi kwa Wakala. Kisha akamgusa bega jirani yake, naye akamgusa wa kwake.

Fintan alikuwa wa mwisho kuona kwa sababu alikuwa akitabasamu kwa wapiga picha. Alipogeuka, tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yaliliacha. Alisogea hatua moja mbele. Kila asubuhi ya ujana wake alikuwa ameunyoa uso ule mbele ya kioo, asingeweza kuusahau.

"Brendan," alisema kwa sauti ndogo. "Hii sura umeitoa wapi?"

"Kwa fundi wa Lincoln. Ina hasira tamu, sivyo?"

Ndipo Fintan alipomwona vizuri mzee mgeni, na mwanamke aliyemshika kiwiko. Oona alimngoja amfikie kwa macho, na alipomfikia, alimsalimu kwa kichwa, kwa adabu zote alizofundishwa.

Hicho ndicho alichokuwa amekililia. Mwanamume yule hakuwa na pa kutokea. Akisema uso ule uondolewe, ataulizwa kwa nini. Akinyamaza, utakaa hapo ukingoni mwa barabara, nyumba yake ikiutazama, na kila familia inayopita itashuka garini kuupiga. Faiba ya Oona ilikuwa nzuri, ya kuhimili hata mvua ya mawe. Alisikia utamu wa jambo hilo mpaka kwenye ulimi.

Brendan alimwekea Cormac kiazi mkononi. "Piga, mzee wangu. Mvunje meno huyo mbwa."

"Piga! Piga!" vijana walidakia.

Cormac alimtazama Wakala kwa muda mrefu. Aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Kisha akamgeukia bintiye.

"Umemkosea sikio," alisema polepole. "Lake limelala zaidi. Lakini ni yeye."

"Piga, Baba," Oona alisema. "Nimekutengenezea wewe."

Mzee hakurusha. Alitembea, hatua fupi fupi, mpaka jukwaani, Brendan akimfuata na kipaza sauti chake kwa kudhani kuna hotuba. Alisimama mbele ya Fintan Devaney, akamnyooshea kiazi.

"Anza wewe," Cormac alisema, na spika zikalirusha neno hilo uwanja mzima.

"Mgeni ndiye huanza," Fintan alisema. "Ndiyo desturi."

"Basi mgeni anampa mwenyeji. Wewe unamfahamu huyu kuliko mimi."

Watu walipiga makofi. Waliona ni uungwana. Fintan alikitazama kiazi. Brendan alimpa moyo, vijana wakalia jina lake, na yule mzee wa watu, aliyeishi miaka yote kwa makofi ya umati, hakujua namna ya kuukatalia. Alikichukua, akainua mkono, akarusha. Kiazi kilimpata Wakala kifuani kwa kishindo cha ngoma tupu. Shangwe.

Cormac alikuwa tayari ameinama pipani. Alimpa kingine.

"Kingine, Fintan."

Fintan alicheka kidogo, akarusha. Bega. Cormac akampa cha tatu. Cha nne. Kufikia cha tano, kicheko cha watu kilikuwa kimepungua, kwa maana hata mchezo una kiasi chake, na mzee wa Lincoln hakuwa anacheza.

"Inatosha sasa," Fintan alisema, akijipangusa paji la uso. "Tuwaachie na watoto."

"Haijatosha." Cormac hakupaza sauti, kipaza sauti ndicho kilichofanya kazi hiyo. "Siku ile nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako, kofia mkononi. Mkono wako ulipoinuka mara ya pili nilikuita kwa jina. Hukugeuka. Nikaanza kuhesabu. Uliuinua mara kumi na moja, Fintan. Bado sita."

Bendera za kijani zilisikika zikipigwapigwa na upepo. Brendan alikishusha kipaza sauti, akaangaza huku na huku akitafuta mtu wa kumweleza, na waliokuwa na umri wa kumweleza walitazama viatu vyao.

"Cormac," Fintan alisema, na sasa ilionekana wazi amemtambua muda mrefu. "Hata nisingelichukua mimi, benki ingelichukua."

"Bado sita."

"Nimeshazeeka, bwana. Wewe pia umezeeka."

"Tena sana. Chukua."

Fintan aligeuka kuutafuta msaada kwa watu wake. Philomena Roarty ndiye aliyejibu. Alikuwa amesogea mpaka mbele, aproni ina unga.

"Inua mkono, Fintan," alisema. "Unajua kuuinua."

"Inua," alisema mzee mwingine nyuma yake, na mwingine, kwa sauti za chini za watu waliojibana miaka mingi. Oona aliwasikia na akawadharau nao. Hawa hawa walikuwa wamepima mahindi yao kwenye ghala la Fintan kila Oktoba na kumuulizia hali ya mkewe. Lakini hakuwanyamazisha. Alitaka na yeye kuuona mkono ule ukipanda.

Ulipanda. Cha sita kilipita juu ya kofia ya Wakala. Cha saba kilimpiga shavuni, pale pale Oona alipopaka rangi mara tatu. Cha nane Fintan alilia, bila sauti, machozi yanateremka tu kwenye mikunjo, na Cormac alimngoja kwa subira, kiazi kikiwa kimenyooshwa, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Kwenye cha tisa mkono ulikataa kupita bega. Ikabidi Fintan auinue kwa mkono wa kushoto, akiusukuma kutoka chini ya kiwiko, na kiazi kikadondoka karibu na viatu vyake.

Hapo Oona alianza kuogopa. Hakumwonea Fintan huruma, hata kidogo. Alimwogopa baba yake. Miaka yote alidhani chuki ya nyumba ile ni yake yeye, kwamba mzee alishaitua kama mzigo, akabaki kuitunza bintiye. Sasa alimwona ameinama pipani akichagua, akikirudisha kilichooza, akichukua kigumu zaidi, na alielewa kwamba mzee alikuwa nayo mchana na usiku, nzima, haijapungua hata chembe, na kwamba yake yeye ilikuwa ya kitoto.

"Baba," alisema, "ameshapata."

"Bado viwili."

Akavipata viwili. Cha kumi. Cha kumi na moja kilitua mapajani mwa Wakala, kikabaki hapo. Fintan Devaney alikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa, kofia ya kijani imemtoka, anahema. Hakuna aliyemwendea. Waliokuwa wamekaa jirani na jukwaa waliinuka wakahamia upande wa meza ya pai, mmoja baada ya mwingine, bila kuambizana, na Brendan, baada ya kusitasita, naye akahama. Philomena alizikusanya sahani akampa mgongo.

Cormac alijifuta udongo wa viazi kwenye suruali. Hakumtazama Fintan tena. Oona alimfikia akamshika mkono. Alitamani kumuuliza kama roho yake imetulia. Aliyaona macho yake, akaacha.

"Yamekwisha, Baba," alimwambia. "Twende nyumbani."

Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Akageuka, akauachia mkono wake, akaanza kuvuka barabara kuu kuelekea lile lango la chuma, taratibu, huku akipapasa mfuko wa koti anatafuta ufunguo. Lori lilipiga honi. Oona alimkimbilia akamdaka kiwiko katikati ya lami, akamgeuza, akamrudisha garini.